Vitabu vya Kihispania vya watoto visipitie kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie vitabu vya kufundishia lugha watoto wadogo, wale wa miaka miwili hadi sita, na hasa vitabu vya Kihispania. Hapa Dar es Salaam wazazi huvipata madukani, huviokota kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini Posta na Kariakoo, au huletewa na ndugu waliosafiri. Nia yao ni njema na hatuna neno nayo. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, na mtoto anayeianza mapema anaipata kwa urahisi.

Kinachotusumbua ni kitu kimoja. Karibu vyote vimetungwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza Kiingereza. Kuna picha, chini yake neno la Kihispania, chini tena neno la Kiingereza, na mara nyingi mstari wa matamshi. Mtoto wa Mbagala anayeongea Kiswahili nyumbani anaonyeshwa mbwa, anaambiwa perro, kisha perro anafafanuliwa kwa neno la lugha ya tatu ambayo nayo bado anajifunza. Ni kama mtu wa Kigamboni anayekwenda Posta kuzungukia Kongowe wakati pantoni inamsubiri. Na mzunguko wenyewe hauishii kumchosha, unamfundisha makosa ambayo asingeyafanya kama angeachwa apite njia yake.

Chukua neno leche, yaani maziwa. Chini yake kitabu kitaandika LEH-cheh, kwa sababu msomaji wa Kiingereza asiposaidiwa ile e ya mwisho ataimeza. Msomaji wa Kiswahili hana shida hiyo hata kidogo. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na sauti zake ni hizi hizi zetu. Akikutana na leche atasoma le-che, silabi mbili, na atakuwa amepatia. Anaharibu pale anapofuata msaada wa kitabu: kwetu h husomwa, kwa hiyo mlezi wa chekechea anatamka "leh-cheh" kwa kuhema, na darasa zima linahema pamoja naye. Gracias nayo huandikwa GRAH-see-ahs. Sisi tukiona ee tunavuta e, na asante ya Kihispania inageuka kuwa "graseas".

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na ndio wenye faida kuliko mengine yote yatakayofuata, ni kufunika mstari ule wa matamshi na kuandika upya kwa tahajia ya Kiswahili. Niño ni ninyo, ny ile ile ya nyanya. Queso, jibini, ni keso. Agua ni agwa. Huevo, yai, ni webo. Llave, ufunguo, ni yabe. Buenos días ni bwenos dias. Hesabu ya moja hadi kumi inakuwa uno, dos, tres, kwatro, sinko, seis, siete, ocho, nwebe, dies. Mzazi ambaye hajawahi kusoma Kihispania hata siku moja anaweza kuisoma orodha hiyo na Mhispania akamwelewa. Hakuna mstari wa matamshi wa Kiingereza utakaomfikisha hapo.

Sauti za kuangalia ni chache. H haitamkwi kabisa: hola ni ola. J ni kh ya masalkheri kwa anayeitamka sawasawa, na kwa nchi za Karibi kama Kuba h ya kawaida inatosha, hivyo hijo, mwana, ni ikho au iho. V husikika kama b. Z, na c ikifuatwa na e au i, ni s kwa Amerika ya Kilatini, lakini sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thamani. Pa kutilia mkazo ni r. Yetu ni ya kugusa mara moja, na ndiyo hiyo hiyo iliyo katika pero, yaani lakini. Perro, mbwa, inataka ulimi utetemeke. Ongeza mtoto anayechanganya r na l, kama wengi wa umri huu, utapata pelo, ambayo ni nywele. Maneno matatu kwa sauti moja: pelo, pero, perro. Cheza nayo kwa kugusa nywele na kubweka, dakika moja kila siku, bila kumkaripia. Mtetemo wa rr huja wenyewe, kwa wengine hadi wafike miaka sita au saba, hata kwa watoto waliozaliwa Madrid.

Mkazo pia uko upande wetu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya hivyo hivyo kwa neno linaloishia na irabu, n au s, na likienda kinyume huwekewa alama juu ya irabu. Alama hiyo si pambo. Papa ni kiazi katika Amerika ya Kilatini, papá ni baba. Unapoandika lebo zako usiiache.

Sasa muundo, na hapa ndipo tunapoumia zaidi tukiona Kiingereza kimekaa katikati. Unataka maji? Kwa Kihispania ni ¿Quieres agua? Quieres ni unataka, nafsi ikiwa imo ndani ya kitenzi. Agua ni maji. Maneno mawili kwa mawili. Swali linajulikana kwa sauti tu, kama kwetu, na ile alama iliyopinduliwa mwanzoni ipo kumwonya msomaji aandae sauti mapema. Kiingereza kinataka maneno manne na kitenzi kisaidizi ili kusema jambo hilo hilo. Gari jekundu ni carro rojo, sifa inafuata jina kama kwetu. Kiingereza hugeuza, kisha kitabu kinatumia kurasa mbili nzima kumwonya mtoto asigeuze. Mtoto wetu hakuwa na mpango wa kugeuza.

Halafu kuna upatanisho. Mtoto wa miaka minne wa Dar es Salaam hasemi "kitabu mdogo". Sikio lake limekwisha kuzoea kwamba jina huvuta maneno ya jirani yafanane nalo. Libro pequeño, libros pequeños: kitabu kidogo, vitabu vidogo. Mesa pequeña, mesas pequeñas, yaani meza ndogo: kwake huo ni mchezo ule ule, isipokuwa kifungo kimehamia mkiani. Mlezi aichukulie jinsia ya Kihispania kama ngeli mbili na kazi itakuwa imeisha nusu. Ndiyo maana kitabu kinachoandika mesa peke yake kimekupunja. Kinatakiwa kiandike la mesa, el gato, la mano, el mapa, kwa sababu mwisho wa neno hausemi kweli daima: mano inaishia na o na ni ya kike, mapa inaishia na a na ni ya kiume. Mtoto aliyelisikia jina na kibainishi chake, el au la, tangu mwanzo hana cha kurekebisha baadaye.

Maneno mengine mtoto anayo tayari. Wareno, waliofika pwani hii 1498 na kung'olewa Fort Jesus, Mombasa, 1698, walituachia meza na bendera, na kwa kuwa Kireno na Kihispania ni ndugu, mesa na bandera zinaingia bila kubisha hodi. Kutoka kwa Waarabu sisi tulipata sukari, Wahispania wakapata azúcar. Papai ni papaya. Anzia hapo: maneno sita ya undugu wiki ya kwanza, na mtoto anaona lugha hii inamjua.

Lakini undugu una mitego, na vitabu vya Kiingereza haviwezi kukuonya kwa sababu si mitego yao. Pera kwetu hutoka kwenye mpera. Pera ya Kihispania ni tunda jingine la nchi za baridi, na pera letu wao huliita guayaba. Casa ni nyumba, ila kwa sikio la mtoto wa Kigamboni ni kasa wa baharini, kwa hiyo ukurasa huo uwe na picha ya nyumba kubwa isiyo na utata. Baba ni udenda. Caca ni kinyesi kwa lugha ya kitoto, jambo ambalo mzazi alijue kabla mtoto hajamtambulisha kaka yake kwa mgeni. Na hola isiandikwe shikamoo. Hola ni salamu ya rika. Kwa mkubwa mtoto aseme buenos días, na akimuuliza kitu atumie usted, wewe ya heshima, badala ya tú, wewe ya rika. Vitabu vingi vya watoto vina tú peke yake, na mtoto aliyelelewa kwa adabu ya hapa anastahili kupewa zote mbili.

Unapokwenda kununua, anza na ukurasa wa alfabeti. Kihispania cha leo kina herufi 27. Ukihesabu 29 umeshika chapa ya zamani, ya kabla ya tahajia ya 2010, wakati ch na ll zilipohesabiwa kama herufi kamili. Sauti hazijabadilika, kwa hiyo kwa bei ya mtumba kinafaa, ila usikichanganye na kingine cha hesabu mpya. Kisha tafuta neno la gari. Coche ni Hispania, na pia Meksiko, carro au auto ni sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, na kitabu cha Hispania chenye coche kitakuwa pia na zumo kwa juisi na patata kwa kiazi, wakati kile cha carro kitasema jugo na papa. Zote ni sahihi. Chagua upande mmoja na ukae huko mwaka mzima, maana mtoto mdogo akipewa majina mawili ya kitu kimoja kutoka vitabu viwili ananyamaza.

Angalia picha. Theluji, dubu na mavazi ya sufu vinamdai mtoto ajifunze kitu kigeni na neno geni kwa pamoja, na kimoja lazima kianguke. Vitabu vyenye mango, coco, piña na plátano vipo, kwa kuwa Kihispania kinasemwa sana kwenye nchi za joto kama letu. Ukurasa wa majira manne ya mwaka uruke tu.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu taka kurasa za kadi ngumu, pembe za mviringo, picha moja na neno moja kwa ukurasa. Wa miaka mitatu hadi mitano anaweza sentensi fupi inayojirudia. Herufi ziwe za pointi 24 au zaidi, na a iwe ile ya duara anayoiandika mwalimu ubaoni, siyo yenye kofia. Fungua katikati uvute kidogo: mgongo uliogundishwa bila kushonwa utaachia kurasa masika ya kwanza. Pini za stepla nazo hupata kutu haraka kwa hewa yetu ya chumvi na kuacha doa la kahawia katikati ya picha.

Vitabu vya kubonyeza vitoe sauti tunavionea wasiwasi. Betri zake ni zile ndogo za mviringo kama kifungo, na mtoto akimeza moja inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kukirudisha dukani. Mtoto akimeza, apelekwe hospitali papo hapo, dalili zisisubiriwe. Hata pale ambapo kifuniko ni kizuri, betri ikichoka sauti hukokota na kupinda, na mtoto huiga alichosikia. Badilisha betri au uiondoe kabisa.

Kitabu ulicho nacho tayari, chenye Kiingereza, usikitupe. Nunua lebo nyeupe za kunata kwenye steshenari, zikate kwa upana wa mstari, andika Kiswahili na matamshi yetu, bandika juu ya Kiingereza. Kwenye karatasi inayong'aa usiandike moja kwa moja kwa kalamu ya wino, itapakaa, na gundi ya maji itaikunja. Kitabu cha kurasa 20 kinakula jioni moja.

Kukisoma ni dakika kumi kwa siku, si zaidi. Maneno mapya sita kwa wiki yanatosha, na kitabu kimoja kikae wiki mbili mkononi kabla ya kingine. Siku mbili tatu za kwanza mtoto asikilize tu. Baadaye uliza ¿Dónde está el gato?, paka yuko wapi, na aonyeshe kwa kidole. Kuonyesha ni jibu kamili. Kutamka kutakuja siku ya nne au ya kumi. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mlezi kusoma neno, kulitafsiri, kusoma jingine, kulitafsiri, hadi ukurasa wa mwisho. Mtoto si mjinga, anasubiri Kiswahili na kuacha Kihispania kipite. Tafsiri itajwe siku ya kwanza, baada ya hapo picha na mikono vifanye kazi.

Kusoma herufi zenyewe kusubiri. Mtoto akiwa katikati ya ba be bi bo bu za Kiswahili, usimpe kitabu cha Kihispania asome mwenyewe. Ndiyo kwanza anaanza kuamini kwamba j ni ya jogoo na h ni ya hodi, nawe unamwambia hapana. Mengi hufanana, lakini haya machache yasiyofanana ndiyo yanayovuruga KKK yake, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishaweza kusoma aya nzima ya Kiswahili bila kukwama, mpe, na utashangaa atakavyokwenda. Hadi hapo maandishi ni ya mkubwa, picha na sauti ni za mtoto. Hii ina maana pia kwamba nyumba isiyo na kitabu hata kimoja cha hadithi cha Kiswahili haijafika kwenye Kihispania. Sehemu ya watoto ya Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni pa kuanzia.

Anayetaka kutengeneza chake mwenyewe anahitaji karatasi nne za A4, zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16 za A5. Siri ni mpangilio: namba mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1 mbele, 2 na 15 nyuma. Inayofuata 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani 10 na 7, kisha 8 na 9. Mwambie wa steshenari achape pande mbili akigeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Badala ya stepla shona kwa uzi mnene mashimo matatu kwenye mkunjo. Jalada liwe manila. Ukitaka kulaminisha, usilaminishe karatasi ya kukunja, plastiki itapasuka kwenye mkunjo ndani ya mwezi. Laminisha ukurasa mmoja mmoja, acha ukingo wa plastiki milimita 5 nje ya karatasi ili unyevu usiingie, na zungusha pembe kwa mkasi kwa usalama wa macho, kisha baindi kwa spairo. Picha na hadithi za kuanzia zipo kwenye mradi wa African Storybook, ambao leseni yake inaruhusu kutafsiri na kuchapa kwa sharti uwataje waliotunga na kuchora.

Kwa wachapishaji wetu na waagizaji, ombi ni kitabu kimoja tu cha kadi ngumu, kurasa 20, Kihispania na Kiswahili, bila lugha nyingine. Kiarabu na Kifaransa vinadai hivyo hivyo.

Na kwako, Mhariri, tuna ombi dogo. Gazeti lako lina ukurasa wa watoto. Eneo la ukubwa wa A4 likigawanywa vyumba vinane, likachorwa mstari wa mkasi katikati ya vyumba vinne vya kati, msomaji akikata na kukunja anapata kijitabu cha kurasa nane cha takriban sentimita 7 kwa 10. Jalada, maneno sita, na ukurasa wa nyuma wa maelekezo kwa mzazi. Tuko tayari kuandaa vijitabu 12 vya kwanza, kimoja kila wiki, matamshi yakiwa kwa tahajia yetu, na tutavileta vikiwa vimepangwa tayari kwa mtambo.

Walimu wa lugha wa watoto wadogo,
Dar es Salaam